Duka la Miwani, Kashi

Duka letu ni upana wa mikono ya baba akiinyosha.
Kichochoro chetu hupitiwa na ng'ombe,
na maiti wanaopelekwa mtoni,
na watu wasioona mbali.
Kiti kimoja cha mteja, kigoda kimoja cha baba,
goti kwa goti, pumzi kwa pumzi,
maana jicho halipimwi kwa kuitana toka ng'ambo ya njia.
Hata wazee wa msituni, baba husema,
wale wa kale waliouacha moshi wa kafara wakashika swali,
walifundisha hivi hivi: sogea, keti, karibia.

Na swali lenyewe? Naliandika nilivyolisikia:
jicho laona kila kitu;
nani anayeona kwa jicho?

Jumatatu alikuja Swami Niranjangiri, joho rangi ya boga,
fremu yake imefungwa kwa waya wa umeme.
Baba akabadili lenzi. Sasa wasomaje?
"Nasoma *ka*," akasema, "ila asomaye si miye huyu mwenye mafua.
Asomaye ni mmoja tu: ndani yangu, ndani yako,
ndani ya huyo ng'ombe anayekula gazeti lako."
Baba akageuka. Kweli, ng'ombe alikuwa akilila,
ukurasa wa kriketi.

Jumatano, kwa basi la Sarnath, akaja Khemavati,
mtawa wa Kibudha, kichwa kimenyolewa hadi kung'aa.
Ubao ule ule, lenzi zile zile.
"Kusoma kupo," akasema.
"Msomaji nimemtafuta miaka thelathini na mmoja,
sijakuta hata kandambili zake."
Nikacheka, kisha nikakoma. Hakuwa akitania.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Nilidhani lazima mmoja wao awe mwongo.
Baba akafuta kioo kwa pindo la dhoti, taratibu.
"Anayelikataa jibu, Mrinalini, amekwisha kulibeba swali.
Msikilize anavyohesabu: tendo na malipo yake,
kuzaliwa na kuzaliwa tena
kama gurudumu la cherehani ya mama yako,
kisha mlango wa kutokea.
Unadhani kayaokota wapi?
Nyumba wamegombania. Ndoo huzishusha kisima kile kile."

Na mama, nyuma ya pazia:
"Basi mtoze bei ile ile uliyomtoza swami."

Walikuja wengine. Pandit Chakradhar, mwalimu wa mantiki,
alidai ushahidi wa kila herufi:
umejuaje kama hiyo ni *ka*, si tobo la mchwa?
Alikaa saa nzima, akalipa nusu.
Akaja Lalita, mjane wa Vrindavan, shanga za mrehani shingoni.
Nyani kamnyang'anya miwani hekaluni.
Nyani haoni kundule, lakini miwani ya mjane aliiona!
Lalita hakutaka kusikia habari za umoja.
"Mimi nikiwa ndiye Yeye," alisema,
"nitamtandikia nani kitanda?"
Akalia kidogo. Baba akampa fremu ya bure,
mama akakohoa nyuma ya pazia.

Sasa kigoda ni changu.
Mama hayupo, pazia lipo.
Baba amekaa kiti cha mteja,
ukungu mweupe umemfunika mboni zote mbili.
Mtoto wa jicho, daktari kasema,
na mimi, mtoto wa mwenye jicho, nikaona wivu,
huyo kamkaribia kuliko mimi.

Waona nini, baba?
"Weupe."
Herufi?
"Weupe tu."
Nami, kwa utundu, au kwa hofu:
na huo weupe, nani anauona?

Hakunijibu upesi.
Nje walipita na maiti, wakiimba, wakihema.
Nilidhani atataja mmoja, kama swami,
au hakuna, kama mtawa,
au ataniomba ushahidi.

"Sogea," akasema. "Umekaa mbali."
Nikavuta kigoda mpaka magoti yakagongana,
nikachagua lenzi nyingine kwenye kasha,
nikaipulizia pumzi, nikaifuta.